Uzi: Ukipigwa kalamu leo, nani atakulipia kodi ya nyumba biashara ikikomaa?

1. Wadau, tuongee pole pole. Kila msimu wa siasa ukifika, mjadala wa kazi unagawa watu pande mbili. Upande mmoja unasema, "Serikali itengeneze ajira." Upande wa pili unasema, "Ajira haziko, wapeni vijana mitaji wajiajiri." Watu wanarushiana maneno kutoka redioni hadi kwa kinyozi, na hakuna anayeuliza swali la katikati: kati ya siku umepoteza kazi na siku biashara yako imeanza kukulisha, unakula nini?

2. Hilo swali lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kuna nchi zililijibu kwa kugeuza marupurupu ya wasio na kazi kuwa daraja la kujiajiri. Zingine zilifaulu kiasi, zingine zilichapa siasa tu. Kwa huu uzi nitapitia Uingereza, Marekani na Ujerumani, halafu turudi nyumbani, kwa sababu hata sisi tuliwahi kufanya jaribio letu, ingawa hatukuliita hivyo. Sitataja mwanasiasa wala chama. Tuangalie mipango yenyewe.

3. Tuanzie 1911. Uingereza ilipitisha sheria ya bima ya taifa ambayo sehemu yake ya pili ilihusu ukosefu wa kazi. Mfanyakazi anakatwa kidogo kila wiki, mwajiri anaongeza, serikali inatia lake. Ukikosa kazi unapata shilingi 7 kwa wiki, mwisho wiki 15 kwa mwaka. Mwanzoni ilihusu kazi chache tu zenye misimu mibaya, kama ujenzi na kuunda meli, jumla wafanyakazi zaidi ya milioni 2. Si sadaka, ni bima. Umelipia, unadai.

4. Lakini bima hiyo ilikuja na sharti ambalo baadaye lilienea nchi nyingi: lazima uwe huna kazi, na uwe tayari kuchukua kazi wakati wowote ukiitwa. Sikiza vizuri hapo. Ukianza kuuza hata sabuni, wewe si "mtu asiye na kazi" tena, hata kama kwa siku unapata nauli tu. Marupurupu yanakatwa. Kwa hivyo mtu mwenye akili anafanya hesabu yake: nikikaa nyumbani nalipwa, nikijaribu biashara sina hakika ya chochote. Anakaa.

5. Miaka ya 1930 hiyo shida ilijulikana, lakini baada ya vita kazi zilikuwa nyingi, haikusumbua watu sana. Ilirudi kwa kishindo viwanda vilipoanza kufungwa. Januari 1982, idadi ya wasio na kazi Uingereza ilipita milioni 3. Miji mizima ya migodi, chuma na meli ilibaki na wanaume wa miaka 45 ambao kazi waliyoijua haipo tena. Ofisi za ajira zinawaambia watafute kazi, na kazi zenyewe hakuna.

6. Hapo ndipo mpango uitwao Enterprise Allowance Scheme ulianza. Ulijaribiwa kwanza sehemu chache tu mwaka wa 1982, halafu Agosti 1983 ukaenea nchi nzima. Wazo lilikuwa rahisi sana: badala ya kukulipa ukae, tutakulipa ujaribu. Pauni 40 kila wiki kwa mwaka mmoja, ukiwa unaendesha biashara yako mwenyewe. Kwa mtu asiye na familia hiyo ilizidi marupurupu ya kawaida. Na biashara ikikupatia pesa, ni zako. Hakuna anayekuja kukukata.

7. Masharti? Mwanzoni ulitakiwa uwe umekaa bila kazi angalau wiki 13 na unapokea marupurupu, ufanye hiyo biashara muda wote, na uonyeshe una pauni 1,000 za kuanzia. Hapa ndipo binadamu ni binadamu popote. Pauni 1,000 mtu asiye na kazi anatoa wapi? Sheria ilikubali mkopo wa benki, na wapo waliosimulia baadaye jinsi walivyoazimana: pesa ile ile inaingia kwa akaunti ya huyu leo, karatasi inapigwa muhuri, kesho inahamia kwa akaunti ya mwenzake. Hata hapa kwetu kuna watu wameazimana pesa kwa akaunti ili wapate viza. Tunajuana.

8. Mamia ya maelfu ya watu walipitia huo mpango. Wengine unawajua bila kujua. Alan McGee aliutumia wakati wa kuanzisha Creation Records, kampuni ya muziki ambayo baadaye ilileta Oasis. Julian Dunkerton aliutumia kuanza kuuza nguo, na ile safari ikazaa Superdry. Msanii Tracey Emin pia alipitia hapo. Watetezi wa mpango hupenda sana kutaja hayo majina.

9. Lakini tusidanganyane. Kwa kila jina kubwa kulikuwa na maelfu waliosafisha madirisha, kukata nywele, kurekebisha magari, kupaka rangi nyumba. Wengi hawakuwahi kuajiri mtu wa pili. Na hiyo si aibu. Swali la haki si "wangapi walitajirika?" Swali ni "wangapi, baada ya mwaka, walikuwa wanajilisha?" Ukimpima mama mboga kwa kipimo cha bilionea, kila mpango duniani utaonekana umefeli.

10. Sasa lawama, na zilikuwa za kweli. Ya kwanza: takwimu. Ukiingia kwa mpango, jina lako linatoka kwa orodha ya wasio na kazi. Wapinzani walisema serikali inapunguza ukosefu wa kazi kwa kalamu. Waliojiajiri Uingereza walikuwa chini ya milioni 2 mwaka wa 1979, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walipita milioni 3. Upande wa serikali uliita hiyo roho ya biashara. Wapinzani waliita watu waliokosa pa kwenda. Ukweli ni kwamba zote mbili ziliingia kwa ile nambari moja, na nambari haikuambii nani ni nani.

11. Lawama ya pili: wako ambao wangeanza biashara hata bila hiyo pauni 40. Hao umewalipa bure. Lawama ya tatu ndiyo ninataka uikumbuke tukifika Kenya: ukimsaidia kinyozi mpya afungue duka mkabala na kinyozi wa zamani, na wateja ni wale wale, umetengeneza kazi au umehamisha njaa kutoka nyumba hii hadi ile? Wataalamu wamebishana juu ya hilo kutoka siku hiyo mpaka leo.

12. Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine. Ufaransa kuanzia 1979, na Uhispania kwa amri ya 1985, ziliruhusu mtu achukue haki yake ya marupurupu iwe msaada wa kuanzisha kazi yake. Uhispania ilisema wazi: badala ya kungoja mwezi kwa mwezi, chukua yote mara moja, uingie nayo kwa ushirika wa wafanyakazi au ujiajiri. Kwa hivyo ulimwengu ukawa na mitindo miwili. Mmoja unakupa mtaji mkononi siku moja. Mwingine unakupa chakula cha mwaka na kukuambia mtaji utajua mwenyewe.

13. Gani bora? Marekani waliamua kujaribu zote mbili. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, jimbo la Washington lilijaribu kutoa marupurupu yaliyobaki kwa mkupuo, na Massachusetts ikatoa malipo ya kila mara huku mtu amesamehewa sharti la kuzunguka akitafuta kazi. Mwaka wa 1993, sheria ya kutekeleza mkataba wa biashara wa NAFTA iliruhusu majimbo kuanzisha mipango kama hiyo. Ilifuata mtindo wa Massachusetts, malipo ya kila mara. Ni majimbo machache tu yaliyoikumbatia, lakini hilo chaguo lenyewe linasema kitu. Shikilia hapo.

14. Ujerumani ndiyo iliyoenda mbali zaidi. Tangu 1986 walikuwa na posho ya daraja: ukitoka kwa marupurupu uanze biashara, unaendelea kulipwa kiasi kile kile kwa miezi 6, na nyongeza ya kukusaidia na bima za jamii. Lakini ulihitaji mpango wa biashara ulioangaliwa na mtu anayejua, kwa mfano chama cha wafanyabiashara au benki. Ilikuwa nzuri kwa fundi au mhasibu mwenye mshahara mkubwa wa zamani. Kwa mfagiaji aliyekuwa analipwa kidogo, nusu ya kidogo ni kidogo zaidi.

15. Mwaka wa 2002, wasio na kazi wakiwa zaidi ya milioni 4, tume iliyoongozwa na Peter Hartz, mkurugenzi wa wafanyakazi wa Volkswagen, ilitoa mapendekezo. Moja likaanza Januari 2003 kwa jina la Ich-AG, yaani "Mimi, Kampuni". Euro 600 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 360 mwaka wa pili, 240 mwaka wa tatu. Kila mtu kiasi hicho hicho, bila kujali mshahara wa zamani. Mradi tu mapato yako ya mwaka yasipite euro 25,000.

16. Angalia huo mteremko: 600, 360, 240. Aliyeuchora alielewa kitu kuhusu biashara ndogo. Mwaka wa kwanza hujulikani, wateja ni jamaa na majirani, kwa hivyo mzigo mwingi unabebwa. Mwaka wa pili umeanza kusimama, unaachiliwa kidogo. Mwaka wa tatu unashikwa kidole tu. Ni kama mtoto anayefunzwa kutembea. Hakuna mzazi anayembeba mtoto miezi kumi halafu anamwachilia katikati ya barabara.

17. Lakini wananchi walichukia lile jina. Jopo la wataalamu wa lugha Ujerumani, ambalo kila mwaka huchagua neno baya la mwaka, lilichagua Ich-AG kuwa neno baya la 2002. Hoja ilikuwa kwamba linashusha maisha ya binadamu hadi lugha ya soko la hisa. Mtu amefutwa kazi, ana watoto, na wewe unamwita kampuni. Wakenya wanaijua hiyo hisia: mtu anauza karanga kwa jua kwa sababu amekosa kazi, halafu anasikia jukwaani akiitwa mwekezaji.

18. Mpango ulijaa watu haraka. Mwanzoni Ich-AG haikuhitaji hata mpango wa biashara, na malalamiko yakawa mengi kwamba watu wanaingia kujisitiri tu. Kufikia mwisho wa 2004 mpango wa biashara ukawa lazima. Katikati ya 2006 Ich-AG ilifungwa, na Agosti mwaka huo, ikiunganishwa na ile posho ya zamani, ukatoka mpango mmoja mpya. Mwisho wa 2011 huo nao ukapunguzwa: ikawa si haki yako tena, ni afisa wa ofisi ya ajira anayeamua. Idadi ya wanaoingia ikashuka vibaya sana.

19. Na hapa kuna utani wa uchungu. Watafiti walikuwa wakiwafuatilia wale wa miaka ya 2003. Karibu miaka 5 baadaye, zaidi ya nusu walikuwa bado wamejiajiri, na wengi kati ya waliobaki walikuwa wamepata kazi ya kuajiriwa. Yaani mpango uliochekwa kwa jina lake ulifanya kazi kuliko sifa zake. Siasa ilihukumu mwaka wa kwanza. Matokeo yalikuja mwaka wa tano. Serikali hukaa miaka minne. Mnaona shida iko wapi.

20. Sawa, turudi nyumbani. Kenya haijawahi kuwa na bima ya wasio na kazi. Mwaka wa 1964, vijana wakidai matunda ya uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa 10%, serikali kwa 15%, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mshahara. Hiyo dawa ilijaribiwa tena 1970 na 1979. Kila mara ilituliza homa tu. Mwaka wa 1965 ikaja NSSF, lakini hiyo ni akiba ya uzeeni. Ukipigwa kalamu ukiwa na miaka 32, huwezi kuigusa kwa sababu tu huna kazi.

21. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu Kenya. Ilisema jambo ambalo lilishangaza wakubwa: shida kubwa ya Kenya si watu waliokaa bure, ni watu wanaofanya kazi kutwa nzima na bado ni maskini. Fundi wa masanduku, mshona viatu, muuza chai. Ripoti ikaomba serikali iache kuwafukuza na kuwabomolea. Mpaka leo sekta hiyo ndiyo imebeba zaidi ya 80% ya waajiriwa wa nchi hii. Hao ndio bima yetu ya ukosefu wa kazi. Hao, na shangazi anayekutumia mia tano.

22. Ikafika miaka ya 1990. Wakopeshaji wa kimataifa wanataka serikali ipunguze mishahara. Kuanzia 1993 watumishi wa umma wa vyeo vya chini wakaombwa kustaafu mapema kwa hiari: chukua kiinua mgongo chako, nenda kajiajiri. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imetoa waraka rasmi wa kuinua biashara ndogo na jua kali. Kwenye karatasi, mambo mawili yanashikana vizuri. Hilo ndilo jaribio letu la kutoa watu kazini kuwapeleka kwa biashara. Tulichagua mtindo wa mkupuo.

23. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Karani, miaka zaidi ya ishirini kazini, ofisi sitaitaja. Alirudi Bungoma na pesa nyingi kuliko alizowahi kushika kwa wakati mmoja. Akanunua kisiagi. Wazo halikuwa baya, watu walikuwa wanatembea mbali kwenda kusaga. Lakini miezi ya kwanza wateja walikuwa wachache, na nyumbani kuna watoto sita, wawili sekondari. Karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwa pesa ya dizeli. Ya muhula wa pili ilitoka kwa pesa ya kubadilisha mkanda wa mashine. Mashine ilipokufa, haikufa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya. Ilikufa kwa sababu ilikuwa inalisha watu wanane kabla haijaota meno.

24. Mwenzake wa ofisi moja, kiinua mgongo kilekile, aliweka duka la vifaa vya shamba soko lilelile. Duka liko mpaka leo, wajukuu ndio wanauza. Nilimuuliza babu tofauti ilikuwa nini. Nilifikiri atasema bidii au bahati. Akasema, "Bibi yake alikuwa mwalimu." Basi. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara wa mwalimu unaolipa karo na unga, kwa hivyo pesa ya duka ilibaki dukani. Mama yangu aliacha shule kidato cha tatu ule mwaka kisiagi kilikufa. Nimesoma sayansi ya siasa miaka mitatu na hiyo sentensi ya babu bado ndiyo muhadhara bora niliousikia.

25. Mnaona sasa? Mshahara wa yule mwalimu ndio ile pauni 40 kwa wiki. Ndiyo ile euro 600. Haukuwa mtaji. Ulikuwa kitu kinachozuia nyumba isile mtaji. Ndiyo maana Marekani walipochagua kati ya mkupuo na malipo ya kila mara, walichagua la pili.

26. Na sisi tulifuata njia gani baada ya hapo? Mikopo. Hazina ya vijana 2006, Uwezo 2013, Hustler Fund Novemba 2022. Hiyo ya mwisho ilianza na mkopo wa shilingi 500 hadi 50,000, riba 8% kwa mwaka, ulipe ndani ya siku 14. Siwezi kuidharau. Kwa mama anayenunua sukuma wiki saa kumi asubuhi na kumaliza kuuza jioni, siku 14 ni nyingi. Lakini kwa mtu aliyepigwa kalamu wiki jana, anayeanza kutoka sufuri, mkopo wa siku 14 unadai pesa kabla mteja wa kwanza hajalijua jina lako. Mzigo wa miezi ya kwanza, ambao wenzetu waliubeba, sisi tumemwekea riba.

27. Wenye kazi ya maandishi nao wana nini? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukiondolewa kwa sababu nafasi yako haihitajiki tena, unalipwa angalau siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Chukua mtu wa 30,000 kwa mwezi, miaka 4. Hiyo ni kama 60,000, yaani miezi miwili ya mshahara wake. Kodi, chakula, karo, deni la simu. Hapo mtaji uko wapi? Halafu tunamwambia "jiajiri" kana kwamba alikuwa amesahau.

28. Kabla mtu aseme haya ni mambo ya wazungu: jirani zetu Tanzania, tangu sheria zao za hifadhi ya jamii za 2018, wana fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia muda unaotakiwa akipoteza kazi hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Haikuja bila ugomvi, kwa sababu wengi walitaka lile fao la kujitoa, wachukue michango yao yote mara moja. Ule ugomvi ndio ule ule wa mkupuo dhidi ya malipo ya kila mwezi, sasa kwa Kiswahili. Na mfanyakazi anayetaka yake yote leo si mjinga. Mara nyingi ni mtu ambaye haamini kesho ataikuta.

29. Sasa pingamizi, kwa haki. La kwanza: bima hulipwa na wanaochangia, na Wakenya wengi hawana hati ya mshahara. Bima ya walioajiriwa rasmi itasaidia kikundi kidogo ambacho tayari kina afadhali. Hiyo ni kweli, na yeyote anayeuza bima bila kujibu hilo anakuuzia nusu ya mpango. La pili: hati za mshahara tayari zimekatwa mpaka mfupa. Ukiongeza makato mengine watu watakuwa barabarani. Kweli pia.

30. La tatu ni lile la kinyozi. Mtaani kwetu tuko na vinyozi watano kwa barabara moja, na M-Pesa nne zinatazamana. Ukiwapa watu mia daraja la kujiajiri bila wateja kuongezeka, wataenda wote pale pale. Uingereza ya 1983 ilikuwa na watu wenye mishahara wa kununua huduma. Kujiajiri hakuumbi pesa mfukoni mwa mteja. Kwa hivyo ule upande wa "tengenezeni ajira" haujakosea kabisa: kinyozi anahitaji kiwanda kilicho karibu ili apate vichwa vya kunyoa. Na kiwanda kikifungwa, wafanyakazi wake wanahitaji daraja. Pande mbili zinagombania mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja.

31. Msimamo wangu, na una ruhusa ya kuupinga: tukianza, tuanze na wale waliofutwa kwa sababu kampuni imefunga au imepunguza watu. Wanajulikana, wana rekodi za NSSF, wana ujuzi. Walipwe kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kwa mteremko kama ule wa Ujerumani, na wasikatwe wakipata mteja wa kwanza. Mtaji ubaki jambo tofauti. Kwa mama mboga na fundi wa jua kali, daraja lao ni lingine: soko lenye paa, mahali pasipobomolewa usiku, bima ya afya inayofanya kazi. Mtoto akilazwa, kibanda kisiuzwe.

32. Kwa hivyo mgombea yeyote, wa rangi yoyote, akisimama mbele yako aseme atawapa vijana mitaji, usipige makofi mara moja. Muulize manne. Hiyo pesa ni mkopo au ni daraja? Inalipwa lini? Kati ya leo na mwezi wa sita, nyumba yangu italishwa na nini? Na wateja watatoka wapi? Akijibu yote manne, msikilize. Akianza kuimba, unajua la kufanya.

33. Babu yuko miaka 81 sasa. Lile jiwe la kisiagi bado liko nyuma ya nyumba, kuku wanalalia hapo. Nikienda nyumbani huwa ananiuliza kama nimepata kazi. Nikimwambia nafikiria kuanzisha kitu changu baada ya kuhitimu, hasemi "usijaribu." Anauliza tu: "Na utakula wapi?"

Mwisho wa uzi. Ukiwa na mzazi aliyepokea kiinua mgongo miaka ile, tuambie hapo chini kiliisha vipi.